Zimeni Majiko

Kuna watu Mombasa hii ambao hawaijui sura yangu kabisa, lakini nikifungua kinywa sokoni kuuliza bei ya vitunguu, wananigeukia wote. "Si Zilpah huyu? Zilpah wa redio?" Na kabla sijaitikia, atatokea mmoja nyuma ya matenga ya nyanya apaze sauti: "Zimeni majiko!" Soko zima litajibu kwa pamoja: "Washeni gesi ya Faiz!" Halafu watacheka mpaka wajishike mbavu. Mimi hununua vitunguu vyangu nikaenda zangu.

Niwaeleze chanzo chake, maana bila hicho hamtaelewa kwa nini Jumamosi moja nilikaribia kupata wazimu mbele ya maikrofoni.

Redio Dirisha iko ghorofani katika nyumba kuukuu ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, si mbali na Ngome. Tunaiita hivyo kwa sababu dirisha la studio halifungiki. Wasikilizaji wetu wamezoea kumsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake katikati ya taarifa ya habari, na mara moja paka wa jirani aliruka ndani wakati mgeni wetu akizungumzia ushuru. Kipindi changu ni Sinia la Salamu, kila Jumamosi asubuhi, na nasema bila haya kwamba ndicho kipindi kinachosikilizwa kuliko vyote pale.

Watu wa salamu ni kabila lao peke yao. Wengi hawajaonana ana kwa ana, lakini wanajuana kwa majina waliyojipa. Bonface, anayeuza chai Mwembe Tayari kwenye mabasi ya bara, ni Birika Halipoi. Chengo, bawabu wa jengo moja kule Buxton, ni Jicho Halilali, ijapokuwa hakuna mtu Buxton ambaye hajawahi kumkuta akikoroma. Na Bi Mahira wa Kibokoni, ambaye mahamri yake yanaondoka kabla hayajapoa, ni Mama wa Iliki. Ukimtumia mmoja wao salamu hewani, hatatulia mpaka azijibu. Bi Mahira, ambaye tulijuana kwa simu tu, ndiye aliyenifundisha siri ya kipindi changu mwenyewe. Aliniambia, "Kusalimu ni sunna, mwanangu, kujibu ni faradhi." Mimi ni Mkristo niliyezaliwa Buxton, lakini kanuni hiyo naishika kama amri ya kumi na moja.

Sasa, Faiz. Faiz anauza mitungi ya gesi na ndiye mdhamini wa kipindi. Arnold, fundi mitambo wetu, alimtungia tangazo ambalo alijivunia kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Linaanza kwa king'ora. Kisha nasikika mimi, nimekata pumzi: "Tahadhari! Tahadhari! Akina mama, zimeni majiko! Nasema zimeni!" Arnold, akiigiza mume wangu, anauliza kwa hofu: "Kuna nini, mke wangu?" Nami namjibu kwa sauti ya asali: "Zimeni ya makaa, mume wangu. Washeni gesi ya Faiz!" Basi. Mji mzima ulilipenda. Watoto waliliimba njiani kwenda madrasa na shule ya Jumapili.

Hata mama yangu alilipenda, na mama si mtu wa kupenda kitu upesi.

Mama yangu ni Priscah, binti Baya wa Kaloleni, Mgiriama aliyeolewa na fundi wa reli kutoka Kakamega akahamia Buxton, na tangu nipate akili ndiye mpishi wa arusi zote za mtaa. Anapopika, redio yake hutundikwa msumarini juu ya sufuria, na ole wake atakayeigusa. Anasikiliza kila neno ninalosema. Na kwa miaka yote hiyo alikuwa na kinyongo kimoja nami: sijawahi kumsalimu hewani.

Hiyo ni kanuni yangu. Aliyenifundisha kazi aliniambia siku ya kwanza kwamba redio si sebule ya kwetu. Ukianza na mamako, kesho itakuwa shangazi, keshokutwa binamu wa shangazi, mwisho wasikilizaji watajiona wamevamia kikao cha ukoo. Nikaapa sitamsalimu jamaa yangu yeyote hewani, na kwa ukaidi wangu, nikiapa nimeapa. Mama hakuelewa na hakutaka kuelewa.

"Umemsalimu Chengo," alikuwa akiniambia. "Umemsalimu mke wa Chengo. Juzi umemsalimu mpaka mbuzi wa Chengo! Mimi niliyekuzaa nina kasoro gani?"

"Mama, yule mbuzi alikuwa amezaa mapacha."

"Nami nimezaa wewe. Ndiyo makosa yangu."

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya arusi ya mdogo wangu Wendy, aliyekuwa akiolewa na Kahindi, karani wa bandarini, kijana mpole anayecheka kabla hujamaliza kichekesho. Ndoa ingefungwa kanisani adhuhuri, na baadaye watu waje Buxton kula, uwanjani nyuma ya nyumba zetu. Asubuhi nilipopita kuaga, mama alikuwa kwenye mafiga yake, kanga ya manjano kifuani, sufuria tatu za pilau zimepangwa mbele yake, kila moja ingetosha kumwogeshea mtoto. Kuni zilikuwa zinawaka vizuri.

"Dadako yuwaolewa, nawe wenda kusalimu watu," alisema bila kuniangalia.

"Kipindi kikiisha tu naja mbio, mama. Sikupata wa kunishikia zamu."

"Basi leo nisalimu. Siku ya furaha hii."

"Mama, wajua kanuni yangu."

Alirudi kukoroga, na kwa jinsi alivyokoroga, niliona wazi kuwa alikuwa anakikoroga kichwa changu. Nilipogeuka kwenda alinisindikiza na moja zaidi: "Na usije umechelewa. Moto wa arusi nimeshauwasha, na moto wa arusi hauzimwi mpaka wali uive. Ukizimika, ndoa nayo haitokoti." Hayo aliyarithi kwa mamake, na katika arusi zote alizopika hakuwahi kuuacha moto uzimike, hata siku ile mvua ilipowakuta akasimama na mwavuli juu ya sufuria, yeye mwenyewe akilowa chepechepe.

Kipindi kilikuwa kimenoga, Bi Mahira ameshawasalimu watu wa Likoni na kuwachamba watu wa Majengo kidogo, simu ya studio ilipolia. Arnold alipokea, akanipa huku macho yamemtoka.

"Mimi Awiti, wa zimamoto," alisema mwanamke upande wa pili, haraka haraka. "Lori la gesi limepinduka hapa karibu na Buxton. Dereva yuko salama, lakini tangi limetoboka na gesi inavuja. Gesi hii ni nzito, haipandi juu. Inatambaa chini kama maji, inaingia mitaroni, na mitaro inapita nyuma ya nyumba za watu. Nataka kila mtu kuanzia Buxton mpaka Mwembe Tayari azime moto. Jiko, sigara, pasi ya makaa, chochote. Walio karibu na lori waondoke kwa miguu, waende upepo unakotoka, na gari lisiwashwe. Cheche moja tu, dada. Umenielewa? Moja tu."

Nilimwelewa. Nilimwona mama na sufuria zake tatu.

Nilizima wimbo katikati, nikafungua maikrofoni, na kwa hofu ya kweli iliyokuwa kooni nikasema: "Tahadhari! Tahadhari! Akina mama, zimeni majiko! Nasema zimeni!"

Arnold alijishika kichwa. Mimi bado sikuwa nimeng'amua. Nilieleza lori, nikaeleza gesi, nikaeleza mitaro, nikarudia mara mbili, nikaweka wimbo nipate kupumua. Hapo ndipo ujumbe ulipoanza kumiminika kwenye simu ya studio. *Zilpah, tangazo jipya kali!* Mwingine: *La lori limepita lile la kwanza, hongera.* Mwingine alituma picha ya mtoto wake akigaagaa kwa kicheko.

Kisha akapiga Faiz mwenyewe, furaha imemjaa. "Mashallah! Mashallah, Zilpah! Hilo la lori kupinduka umelibuni wewe au Arnold?"

"Faiz, hakuna aliyebuni! Lori ni la kweli!"

"Eeh! Hivyo hivyo! Endelea na sauti hiyo hiyo, watu waamini!" Akakata, amefurahi.

Nilirudi hewani. Safari hii niliteremsha sauti, nikaongea polepole kama anayesoma tanzia. Ikawa mbaya zaidi. Wakaandika kwamba sehemu ya pili ni tamu kuliko ya kwanza na wakauliza ya tatu lini. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga, lakini hawakusema ufanye nini usaha ukishatumbuka na watu wangali wanacheka.

"Nipe mimi," Arnold alisema. "Wakisikia sauti ya kiume wataamini." Akasogeza kiti, akakohoa, akasema kwa uzito wote: "Ndugu wasikilizaji, huu si mzaha." Lakini ndugu wasikilizaji walikuwa wanaijua sauti ile. Ilikuwa ya mume wangu. Ujumbe wa kwanza uliomfikia ulisema: *Kuna nini, mke wangu?*

Kama nisingekuwa na hofu, ningecheka. Badala yake nilimtukana Arnold tusi ambalo kwa bahati halikwenda hewani.

Simu ikalia tena. Awiti, na sasa ana hasira. "Nyinyi mnafanya nini huko? Watu wanatucheka! Sisi hapa ni wachache, hatuwezi kuliacha lori. Nimemtuma mtu wangu mmoja, bahati mbaya alitoka nyumbani bila sare, azunguke nyuma ya nyumba. Amemkuta mama mmoja na sufuria tatu kubwa kwenye kuni, amemwambia azime. Unajua alichojibiwa? 'Washeni gesi ya Faiz!' Kisha akampa upawa aonje chumvi!"

"Mama huyo," nilisema, na sauti yangu sikuitambua, "ana kanga ya manjano?"

"Na redio msumarini. Unamjua?"

Nilimpigia mama. Simu ilikuwa imezimwa, kama nilivyojua itakuwa. Siku ya kupika huizima na kuifungia kabatini, kwa sababu jamaa wote wa bara humpigia wakimuuliza njia ya Buxton, hata waliokuja mara kumi. Dirishani nilisikia muuza kahawa akipita na vikombe vyake, mji ukiwa na furaha zake za Jumamosi, nami nimekaa na sauti inayofika kila nyumba lakini haina mtu wa kuiamini. Nilitaka kulia, na kwa kuwa mimi nikitaka kulia hukasirika, nilikasirika. Nikamwambia Arnold aondoe muziki wote. Hapana king'ora wala kengele. Nilichokijua ni kusalimu watu, basi nitawasalimu.

"Salamu hizi," nilisema, "zimfikie Bonface, Birika Halipoi, popote alipo pale Mwembe Tayari. Bonface, nakusalimu mimi mwenyewe, Zilpah, bila tangazo na bila mdhamini. Nakusalimu wewe na jiko lako. Jibu la salamu hizi si maneno. Jibu lake ni maji. Limwagie jiko maji, waambie jirani zako wa mihogo na wa mishikaki wamwagie yao, kisha unipigie. Usiponijibu, nitajua Bonface hajibu salamu."

Huko ni kumshika mtu pabaya. Unaweza kumwita mtu wa salamu mwizi akakusamehe, lakini usimwambie hajibu.

Tulisubiri. Arnold alikuwa ameing'ang'ania meza kama itaruka. Simu ikalia, nikaiweka hewani.

"Zilpah," sauti ya Bonface ilikuwa ya unyonge, "salamu zako nimezipata. Wasikilizaji, ni mimi Birika Halipoi. Birika limepoa."

Mji ulinyamaza. Sijui nisemeje, lakini niliusikia ukinyamaza kutoka ghorofani. Bonface ana chai ya moto sikukuu na msiba, kwenye mgomo na kwenye mafuriko. Mtu akisema birika la Bonface limepoa, basi kuna jambo. Na yeye akaongeza: "Nimetoka hapo mbele kuchungulia. Magari yamesimama yote, na harufu ya gesi inakuja. Si mzaha, jamani. Zimeni."

Basi nikashika kamba hiyo hiyo. Nikamsalimu mmoja mmoja kwa jina lake, kila mtaa ninaoujua una mtu wangu. Nikamsalimu Shangazi wa Mihogo. Nikamsalimu Fundi Pasi, nikamwambia jibu lake ni makaa yaliyolowa. Nikamsalimu Mzee wa Kuku Choma na nikamwomba radhi yeye na kuku. Walijibu wote, simu zikipishana, na kila aliyejibu alitaja jirani aliowazimisha. Aliyegoma alitajwa hewani kwa jina la babake mpaka akazima. Bi Mahira naye akapiga, ana wasiwasi.

"Mwanangu, nasi huku Kibokoni tuzime? Karai langu liko motoni."

"Hapana, Mama wa Iliki. Upepo hauji huko. Zimamoto wanasema Mji wa Kale uko salama, endelea kukaanga."

"Haya. Mie sizimi basi, nisije nikaambiwa sikujibu. Mungu awape salama, na mwenye lori tutamtafuta kwa mato yetu haya mawili."

Halafu akapiga Chengo. "Jicho Halilali hapa," alisema, anahema. "Salamu nimejibu. Nimewatoa watu ghorofa zote, wamekwenda upande wa upepo. Nyumba za nyuma nazo zimezima. Imebaki..."

"Imebaki nani, Chengo?"

"Mamako, Zilpah. Nimemwambia, anacheka. Anasema mchezo wenu leo umezidi utamu. Na hata kama si mchezo, anasema, moto wa arusi hauzimwi. Ana mwiko mkono huu na upawa mkono huu, simu haishiki. Nitafanyaje, nimbebe? Yule mama habebeki."

"Redio yake inasema?"

"Inasema. Najisikia mwenyewe ndani yake sasa hivi."

Nilimtazama Arnold. Anaijua kanuni yangu, ameniona nikimnyima shangazi yangu salamu akiwa hospitali. Alikisukuma tu kile kitufe cha sauti juu kidogo.

"Salamu hizi," nilisema, kisha nikaanza upya kwa jina langu. "Salamu hizi zitoke kwa Zilpah, binti Joab. Zimfikie Priscah binti Baya, wa Kaloleni na wa Buxton, aliyesimama nyuma ya nyumba yetu na kanga ya manjano. Mama, shikamoo. Ni mimi mwanao, nakusalimu hewani, mbele ya Mombasa nzima. Nakusalimu kwa pilau zako zote. Nakusalimu kwa mwavuli ule wa siku ya mvua. Ujumbe wangu ni kwamba nakupenda, na gesi iko mtaroni nyuma ya miguu yako. Jibu la salamu zangu ni maji. Mama, nijibu."

Kisha nikanyamaza. Redioni kimya ni dhambi, lakini sikuwa na neno jingine. Nilikuwa nalia, Arnold ameangalia pembeni, na kwa mara ya kwanza muuza kahawa pale chini hakugonga vikombe. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amesimama na wateja wake wote chini ya dirisha, kila mtu ameshika kikombe na hakuna anayekunywa.

Simu ililia. Namba ya Chengo.

"Marahaba," alisema mama yangu.

Nyuma yake palikuwa na sauti za watu wanaotembea upesi, na mtoto anauliza tunakwenda wapi.

"Mama, umezima?"

"Ndoo mbili. Tunaondoka hapa, tumeshavuka barabara, tuko upande wa upepo na redio nimeibeba. Wali nimeuacha mgumu kama changarawe, kwa hivyo jua wewe ndiwe utakayeula." Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu anayejua anasikilizwa: "Na mimi pia nawasalimu wote walionisikia. Mimi ni mamake Zilpah."

Mtaa wa Ndia Kuu ulilipuka kwa vigelegele. Hicho ndicho kilicholipuka Mombasa siku ile, na hakuna kingine.

Zimamoto waliliziba tangi kabla ya adhuhuri, wakayamwagia maji mitaro yote, na upepo wa baharini ukamaliza kazi. Hakuna aliyeungua hata unyusi. Awiti alipopiga simu kutangaza salama, alisema kwanza yale ya rasmi, kisha akaniambia kando: "Tumepima mitaro. Kipimo kilipiga kelele karibu na mafiga yale matatu, hatua chache tu. Gesi ilikuwa imefika, dada. Yale majivu yalikuwa bado yanatoa moshi wa maji." Nilimshukuru, nikaiweka simu chini.

Halafu nikakimbia kanisani na kumkuta bibi arusi anatoka, ameshaolewa. Wendy, aliyepambiwa mbali na Buxton tangu alfajiri, hakuwa na habari ya lolote. "Umechelewa," aliniambia. "Na mbona wapambe wangu wote wanalia?"

Shida ilikuwa chakula. Watu walimiminika Buxton, jamaa wa Kakamega na jamaa wa Kaloleni, wote wana njaa ya safari, na mama yangu amesimama mbele ya sufuria tatu za wali ulioloa usioiva, kuni zote zimelowa, mikono kiunoni, anaziangalia kama watoto waliofeli mtihani. Sijawahi kumwona ameshindwa, na sikupenda kumwona hivyo.

Basi ndipo tukaona watu wanakuja. Mbele alikuwa mwanamke mnene wa buibui, hatujawahi kumwona, anamwelekeza mwenye mkokoteni kwa kidole. Juu ya mkokoteni kulikuwa na masinia yamefunikwa kawa.

"Asalaam aleikum, wenye arusi!" alisema, na sauti ile niliijua kabla sijaijua sura. "Ndimi Mama wa Iliki. Nimesikia redioni kuwa wali umebaki mbichi, nikasema haiwi. Kibokoni yote imepika. Haya, mwapokea ama mwanitizama?"

Nyuma yake walikuja Shangazi wa Mihogo, na Mzee wa Kuku Choma na kuku wake aliowachoma upya baada ya salama kutangazwa, na Bonface na birika lake, limechemka. Faiz alikuja na soda na uso wa aibu. Watu wa salamu waliokuwa hawajaonana maishani walikuwa wanaulizana, "Wewe nani?" na wakitajiana majina wanakumbatiana kwa makelele. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, lakini sijawahi kuuona msemo ule ukitembea kwa miguu yake na kubeba sinia kichwani.

Kahindi alicheka kabla ya mtu yeyote kusema kichekesho. Tulikula tukasaza. Pastor alimsifia Bi Mahira mahamri mpaka mkewe akamkanyaga.

Jioni nilimkuta mama ameketi peke yake kando ya mafiga yaliyopoa, sahani ya biriani ya Kibokoni mapajani. Nikakaa karibu naye.

"Mama, moto wa arusi umezimika. Ndoa itakuwaje?"

"Ndoa ni yao," alisema akitafuna. "Moto ulikuwa wangu."

"Na mbona hukuzima tangu mwanzo? Nilitangaza mara ngapi!"

"Nilikusikia. Nikacheka, mwanangu, nilidhani Faiz. Alikuja yule mtu, nikacheka. Akaja Chengo, nikasema hawa wamekula njama." Akauweka mfupa pembeni ya sahani. "Lakini uliposema jina langu, nilijua gesi ipo. Wewe hukunisalimu ulipoanza kazi. Hukunisalimu nilipougua. Hukunisalimu Krismasi. Nikasema, huyu akinisalimu, basi tumekwisha. Nikakimbilia ndoo."

Nilikula biriani kwenye sahani yake, naye akaniachia mnofu.

Jumamosi iliyofuata, tangazo la Faiz lilikuwa limeondolewa. Nilifungua Sinia la Salamu kama kawaida, muuza kahawa akigonga vikombe vyake dirishani. Na kabla ya Bi Mahira, kabla ya Bonface na kila mtu, nilisema: "Salamu zangu za kwanza leo zimfikie Priscah binti Baya, Buxton."

Nikaweka wimbo. Haukufika hata kiitikio, simu ikalia. Mama alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi.

"Nimezima! Nimezima jiko, nimemzimisha na Mama Nekesa wa jirani, tumetoka nje sote, Chengo anawatoa watu ghorofani! Haya, sema, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Nakusalimu tu."

"Hakuna lori?"

"Hakuna."

"Wala gesi?"

"Wala gesi, mama. Salamu tu."

Nyuma yake nilimsikia Chengo akiuliza kama watu warudi ndani, naye akimwambia angoje kwanza.

"Basi rudia," alisema mama yangu. "Nilikuwa nahangaika na jiko, sikusikia vizuri."